Kabla hujamwambia mzee kwamba hamezi dawa

Wadogo zangu wa kliniki ya ini, juma lililopita nilimsikia mmoja wenu akimwuliza mzee aliyevuka feri alfajiri kutoka Likoni, "Mbona humezi dawa?", na faili bado limefungwa. Nilitamani kumfinya sikio, ila ningeanza na langu.

1. Tazameni kizio cha majibu ya kipimo cha wingi wa virusi vya homa ya ini B: IU (kizio cha kimataifa) moja ni zaidi ya kopi tano za virusi, kwa hiyo msilinganishe maabara mbili ovyo.

2. Wingi wa virusi ukipanda mara kumi kutoka kiwango cha chini kabisa alichowahi kufikia mgonjwa, rudieni kipimo, kisha ulizieni dawa kwa adabu. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na mgonjwa wa homa ya ini B, fundi wa mashua wa Mji wa Kale, aliyetumia lamivudini pekee, dawa ya kuzuia virusi hivyo, kwa miaka minne. Virusi vilikuwa vimeshuka hadi havionekani, halafu vikawa 3,000, halafu 60,000, nami nikamkemea mbele ya bintiye kama mtoto wa chuo aliyeruka aya. Hakunijibu. Mwezi uliofuata alinimwagia mezani pakiti tupu, zimefungwa kwa mipira mwezi kwa mwezi, na tarehe zimeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu. Nilihesabu, hakikukosekana hata kidonge kimoja. "Mwanangu, mimi nameza. Iliyochoka ni dawa." Nami nilijua tangu darasani kwamba kwa lamivudini pekee, usugu, yaani virusi kuishinda dawa, huweza kuwafikia wagonjwa hadi 70 katika kila 100 kufikia mwaka wa tano! Kwa aibu niliyokuwa nayo nikaandika dawa nyingine, entekaviri, na mfamasia akanirudishia cheti bila neno, kwa kuwa virusi vilivyoishinda lamivudini vimekwisha kuanza safari ya kuishinda entekaviri pia. Tukampa tenofoviri.

3. ALT, kimeng'enya kinachopanda kwenye damu ini likiumia, ikiwa ya kawaida isiwalaze usingizi. Virusi hupanda kwanza, ini hulalamika baadaye.

4. Msimwondolee mgonjwa wa VVU tenofoviri kabla ya kujua kama ana homa ya ini B, kwani dawa hiyo huzuia virusi vyote viwili.

Yule mzee wa Likoni anatumia tenofoviri, ambayo usugu wake ni nadra mno, na kweli alikuwa amekosa dawa wiki tatu. Kijana alipatia. Lakini mzee aliniambia mimi, baada ya kumvutia kiti.