Nasubiri ameze, kumbe ameshatema

*Shikamoo Mzee. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, sasa naishi Fort Worth, Texas, mwaka wa tatu huu. Nyumbani nilizoea uvuvi wa usiku, taa na wavu, dagaa na migebuka. Huku mwanangu wa miaka 12 ananiburuta bwawani kila Jumamosi kutafuta besi, yule samaki wa huku mwenye domo kubwa (bass). Tumenunua fimbo mbili na pakiti ya minyoo ya plastiki. Wiki sita, hatujapata hata mmoja. Mara ndoana imenasa kwenye magugu, mara nasikia kitu kinadonoa, nasubiri ameze, nikivuta mnyoo unarudi hauna mkia. Hivi kweli samaki mwenye akili zake anakula plastiki? Na leseni, mtoto naye anahitaji?*
*Baba wa Mvuvi Mdogo, Fort Worth*

Marahaba mwanangu. Anakula, tena kwa uroho. Mwaka 1949 Nick Creme na mkewe waliyeyusha plastiki jikoni kwao Akron, Ohio, wakaimimina kwenye kalibu yenye umbo la mnyoo, na tangu hapo besi hawajagoma. Kampuni yao baadaye ilihamia hapa Tyler, Texas, ninapokaa, kwa hiyo mimi nawahesabu kuwa majirani.

Ila barua yako ina maneno mawili yaliyonifanya nicheke peke yangu: "nasubiri ameze". Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nimekulia Musoma, na sangara tulimvua kwa mshipi wenye furu hai. Sangara akishika furu unamwachia mshipi, anakwenda nao, unahesabu taratibu, ndipo unavuta. Furu ni nyama. Akishaingia mdomoni hana sababu ya kutemwa. Besi kwa mnyoo wa plastiki ni habari nyingine. Anafumbua lile domo lake ghafla, maji yanafyonzwa kwa kasi na mnyoo umo humo humo, kisha baada ya muda mfupi anagundua ametapeliwa, anautema. Wewe bado uko ukingoni unahesabu. Miezi yangu minne ya kwanza Texas iliishia kwenye kuhesabu.

Mkia haukukatwa na besi. Hao ni samaki wadogo bapa, bluegill, wamejaa kila bwawa la huku. Wanadonoa tatatata kama kuku kwenye mtama, wala mdomo wao hauwezi ndoana yako. Waache. Besi hugonga mara moja, "ko!", kama mtu aliyegusa mshipi kwa kidole. Wakati mwingine hata hiyo hupati: unaona tu mshipi unatambaa pembeni, na wewe hujauvuta. Huyo ndiye. Shusha ncha ya fimbo, zungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, haraka mpaka ulegevu uishe, halafu inua fimbo juu kwa nguvu zako zote. Usimwonee huruma, maana ndoana inapaswa kutoboa plastiki kwanza ndipo imfikie yeye.

Na hapo tumefika kwenye magugu. Nadhani umechomeka ndoana kama tunavyochomeka nyungunyungu, ncha ikabaki nje. Wenyeji wana ufungaji wao wa Texas, na ndio nitakaokufundisha huo tu. Kwanza pitisha mshipi kwenye chubwi yenye umbo la risasi ya bunduki, gramu 5 hadi 7, ncha yake nyembamba ikielekea kwenye fimbo. Usiifunge, iteleze yenyewe. Kisha funga ndoana iliyopinda shingoni, namba 3/0, kwa mnyoo wa inchi 7. Choma kichwa cha mnyoo kiasi cha nusu sentimita, toa ncha ubavuni, vuta ndoana mpaka tundu lake lizame kichwani, igeuze ncha itazame mwili wa mnyoo. Sasa pima: acha ndoana ining'inie kando ya mnyoo, uone kiuno cha ndoana, pale chini inapopinda, kinafika wapi. Hapo hapo ndipo unapoirudisha ndani, ncha ifichike kwenye nyama ya plastiki.

Sasa tazama mnyoo wako. Umenyooka? Kama una kibiongo, toa uanze upya. Mnyoo uliopinda huzunguka majini kama feni na kuusokota mshipi, na besi haujali. Mimi humpa mjukuu wangu kazi ya ukaguzi, ana jicho kali kuliko langu na haoni haya kuniambia "Babu, rudia."

Ukishautupa, usiuburute. Hili ni gumu kwa mtu aliyezoea kuvuta wavu. Mara nyingi besi huuchukua mnyoo ukiwa unazama, kwa hiyo uache ushuke hadi chini huku macho yako yako kwenye mshipi, si kwenye simu. Umefika chini? Inua fimbo kidogo, mnyoo uruke kama futi moja, ushushe tena. Subiri. Inua. Kutupa mara moja kunaweza kuchukua dakika mbili, na mwanao atachoka kabla yako, hivyo mbebee maandazi.

Utupe wapi? Katikati ya bwawa hapana. Besi ni mviziaji, anakaa ubavuni mwa kisiki, chini ya gati, penye kivuli cha magugu. Wakati wa kiangazi nenda alfajiri. Rangi isikusumbue: maji maangavu, tumia kijani cha mboga; maji ya tope, nyeusi au zambarau iliyoiva. Maduka yana rangi mia kwa sababu yanakuuzia wewe, si samaki.

Usiichanganye minyoo hiyo na chambo kingine kwenye sanduku la plastiki ngumu. Mimi nililiacha langu garini mwezi wa saba, nikakuta uji wa zambarau na sanduku limeanza kulainika. Iache kwenye pakiti yake. Na iliyokatika rudi nayo nyumbani, usiitupe majini.

Leseni: mtoto wa chini ya miaka 17 hahitaji, wewe unahitaji. Ya kawaida ya mwaka hufikia mwisho tarehe 31 Agosti hata ukiinunua Julai, basi angalia kalenda kabla ya kutoa pesa. Ndani ya hifadhi za jimbo, mnaruhusiwa kuvua kutoka ukingoni bila leseni. Kwenye maziwa mengi ya Texas kiwango ni besi 5 kwa siku kwa kila mtu, urefu kuanzia inchi 14, ila soma kibao cha bwawa lenu kwanza, mengine yana sheria zake. Beba futi ya kupimia. Wa inchi 13 na nusu anarudi majini, hata mtoto akilia.