Kabla Hujaugusa Mkasi

Wadogo zangu mnaojifunza kushona mfarishi wa kumbukumbu, ule wa viraka vya nguo za mtu aliyefariki, nawapenda sana, lakini mnanitia homa. Kila akija mwanafunzi mpya huja na mfuko wa nguo ambazo ameshazikata usiku, akidhani ametupunguzia kazi. Kitambaa cha jora ukikiharibu unanunua kingine. Shati la baba aliyekwishafariki halina jora. Ndiyo maana kwenye mfarishi huu karibu akili zote hutumika kabla ya kukata, na kushona kwenyewe ndiko kwepesi.

1. Ulizia kwanza nani mwingine anazitaka hizo nguo. Dada mtu akishasikia kwamba gauni la mama limekuwa viraka, hakuna mshono utakaomtuliza. Na chagua nguo moja isiyofuliwa, ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, uiweke kando. Harufu ya mtu hutoka na maji ya kwanza, wala hairudi.

2. Zilizobaki fua zote, hata zile zinazoonekana safi, bila dawa ya kulainisha, maana hiyo huzuia gundi ya kubandikia kwa pasi kushika. Nyekundu na nyeusi zijaribu: lowesha pembe, ibane kwa kitambaa cheupe, pitisha pasi. Ikiacha rangi, rudia kufua.

3. Fulana. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Alikuja binti na fulana za kaka yake, za kuchezea mpira, za shule, za kazini, jumla 16. Hesabu yake ilikuwa nzuri karatasini: viraka 16 vya inchi 12, vinne kwa vinne, mfarishi wa inchi 48 kila upande. Akatandaza, akakata inchi 12 kamili, moja baada ya nyingine, na chakavu, yaani vipande vilivyobaki, akazitupa palepale ili meza iwe safi. Alifanya kazi kwa bidii na unadhifu wa kupigiwa mfano. Tulipoviinua viraka, kingo zikajikunja kama majani makavu. Alipovipitisha kwenye cherehani vikavutika: huku inchi 12 na nusu, kule 11, pembe zimekimbia. Kisha akafika kwenye fulana ya mpira, yenye jina la kaka mgongoni. Herufi ya mwisho ilikuwa imekaa ukingoni kabisa, na mshono ukaimeza. Akafumua, akajaribu tena, ikamezwa tena. Akauliza kile kipande cha pembeni kiko wapi. Kilikuwa kimeshaondoka na taka. Alilia, na sote mezani tuliacha kazi, kwa kuwa hakuna fundi anayeweza kukirudisha kipande kama hicho.

Tazameni makosa yalivyobebana. Fulana ni kitambaa cha kuvutika, kwa hiyo kabla ya kukata kiraka hubandikwa upande wake wa ndani kitambaa chepesi cha gundi kwa pasi. Kwanza tenga upande wa fulana wenye picha au maandishi ukiwa mkubwa kuliko unavyohitaji, bandika gundi, acha ipoe, ndipo upime na kukata kiraka chenyewe. Pasi iweke na kuiinua, usiiburute, na usiiguse picha iliyochapwa bila kitambaa juu yake. Kiraka cha inchi 12 hukatwa inchi 12 na nusu, kwa sababu mshono hula robo inchi kila upande. Maandishi yakae angalau inchi moja kutoka ukingoni. Na chakavu hazitupwi mpaka mfarishi ukamilike. Hazitupwi!

Tulimwokoa hivi: viraka vyote, isipokuwa kile cha jina, tukavibandika gundi, tukavikata upya kwa inchi 10 na nusu, vikabaki 10 baada ya mshono. Inchi 48 zikawa 40. Tukaongeza mikanda ya inchi 2 katikati na pembeni, mitano kwa urefu na mitano kwa upana, tukafika 50. Ile ya jina hatukuikata tena. Tuliilaza nzima juu ya kitambaa imara na kuishona kwa zigizaga kuzunguka ukingo, ili mshono usile chochote. Jina likasomeka lote, ingawa hiyo herufi ya mwisho imebanwa. Mimi bado naiona kila nikiutazama ule mfarishi.

4. Acheni kukwepa madoa na magoti yaliyotiwa viraka. Mwaka 1942, huko Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani, mama mmoja aitwaye Missouri Pettway alishona mfarishi kwa nguo za kazi za mumewe aliyefariki. Mpauko na madoa ya kazi aliyaacha yaonekane, na leo mfarishi huo unahesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za sanaa za Marekani. Angeyakata yote angebakiwa na nini cha mume? Palipochakaa sana wekea kitambaa chembamba cha pamba chini, lakini pabaki. Mfuko wa shati, kifungo, hata pindo alilolishona mwenyewe vibaya: hivyo ndivyo familia huvigusa kwanza.

5. Jinzi na hariri hazikai jirani bila msaada. Hariri itie gundi, jinzi ibadilishie sindano, namba 100. Mshono mnene ufungue pande mbili kwa pasi.

6. Kitambaa cha chini na pamba ya kati vizidi uso wa viraka kwa inchi 4 kila upande. Piga bandi, mshono wa kushikiza tabaka zote tatu, kuanzia katikati kwenda nje, usianzie pembeni, la sivyo mikunjo yote itakusanyika kati. Tabaka zikiwa nene mno, acha cherehani, funga mafundo kwa uzi imara. Umbali wa mafundo soma kwenye pakiti ya pamba.

7. Mkanda wa ukingo, inchi 2 na nusu, ukunje mara mbili. Kwenye pembe simamisha mshono robo inchi kabla, kunja, endelea.

8. Kibandiko cha nyuma mnakisahau kila mara! Andika kwa wino usiofutika: nguo za nani, nani ameshona, mwaka gani. Kishone pande zote nne, kisha fua mfarishi kwa maji baridi na uukaushe ukiwa umelazwa, maana ukiutundika ungali na maji, uzito wake huvuta mishono.