Barua kwa mwanangu: waache wakisie kwanza

Mwanangu,

Salamu nyingi. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza ufanye nini ili kidato cha tatu wasisinzie kwenye vipindi viwili mfululizo vya mchana, wanafunzi 70, mada usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga. Mada hiyohiyo umetakiwa kuiwasilisha kwa walimu wenzako kwa dakika 20, kisha uiandikie makala ya maneno 800. Kote kutatu tatizo ni moja: mtu hafuatilii jibu la swali ambalo hajajiuliza. Mfanye ajiulize, tena atoe jibu lake na kulishikilia, kabla hujafundisha chochote.

Bahati nzuri mada yako ina swali la kuvutia. Tabibu Jan Baptista van Helmont wa Brussels alipanda mche wa kilo 2 na ushei kwenye chombo chenye udongo mkavu wa kilo 90 hivi. Kwa miaka 5 akaumwagilia maji tu. Mti ukafika kilo 77 hivi. Udongo ulipokaushwa na kupimwa tena, ulikuwa umepungua gramu 60 hivi. Maelezo yake yalichapwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Basi usianze na maana ya usanisinuru wala mlinganyo wake. Chora chombo ubaoni, andika tarakimu hizo, uliza: mti huo ukikatwa na kukaushwa kabisa, sehemu kubwa ya uzito wake imetoka wapi? 1 udongo, 2 maji, 3 hewa, 4 mwanga wa jua.

Hayo maneno "kukaushwa kabisa" usiyaache. Mti mbichi umejaa maji, na atakayejibu maji atakuwa na hoja ya haki. Van Helmont mwenyewe alihitimisha kuwa ni maji.

Wape dakika moja ya kimya, kila mmoja aandike namba yake daftarini. Ukihesabu hadi tatu, wote waonyeshe vidole kwa pamoja, mkono ukiwa kifuani. Wakinyoosha juu, walioko nyuma watamsubiri yule anayejulikana kuwa na akili, wamfuate. Pitisha macho, ukadirie. Profesa Eric Mazur wa Harvard, aliyeanza kufundisha fizikia kwa njia hii mwaka 1991, ana kipimo kinachofaa: waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, kila mmoja amgeukie jirani yake na kumshawishi kwa dakika 2 au 3, kisha wapige kura tena. Wakiwa chini ya 30, hawana msingi wa kubishania. Rudi nyuma ufundishe kidogo. Wakizidi 70, eleza kwa ufupi usonge mbele.

Katika kushawishiana huko waache waongee Kiswahili. Najua Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia, lakini anayetafuta hoja na msamiati kwa wakati mmoja huishia kunyamaza. Atakayeripoti mbele ya darasa ndiye atumie Kiingereza, na maneno matano sita atakayoyahitaji yawe ubaoni tayari.

Ukiuliza swali la mdomo, uliza kwanza, taja jina baadaye. Ukitaja jina kwanza, 69 wamepumzika. Kati ya swali na jina ngoja sekunde 3 kamili. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alikuta walimu wengi hungoja sekunde moja tu, na wakiongeza hadi 3, majibu huwa marefu na wanaojibu huongezeka. Ukimya huo utakutisha mwanzoni. Uvumilie.

Kipindi cha pili kiwe cha kupima wanga kwenye jani, na hapo pia wakisie kabla: sehemu iliyofunikwa kwa foili itakuwa na rangi gani? Mmea ukae gizani siku 2, ndipo ufunike jani na kuuacha juani saa kadhaa. Ukiruka giza, wanga wa zamani bado upo, jani zima litageuka bluu-nyeusi, nao watajifunza kinyume. Chemsha jani kwa maji dakika moja, kisha lizamishe kwenye spiriti iliyowekwa ndani ya maji ya moto, jiko likiwa limezimwa kabisa, maana mvuke wa spiriti hushika moto. Likipoteza ukijani, lilainishe kwa maji ya moto, kisha dondoshea iodini, inayogeuza wanga kuwa bluu-nyeusi. Usiwakusanye 70 kwenye meza moja; walio mbele ndio wataona, wengine watapiga soga. Gawa majani kwenye sahani 10.

Kwa walimu wenzako, itifaki imalizike kwa sentensi moja: "itifaki imezingatiwa", basi. Wapigishe kura ileile ya vidole. Wengine watachagua udongo, na hapo utakuwa umewashika bila kuwaaibisha, kwa kuwa kila mtu anajua siri ya mkono wake. Zungumza dakika 14, 6 ziwe za maswali. Slaidi usizidishe 6, na usisome kilichoandikwa humo: watu husoma haraka kuliko unavyotamka, wakimaliza wanakusubiri. Simama mstari wa mwisho wa viti uone kama herufi zinasomeka. Tarakimu za van Helmont ziandike pia kwenye manila, umeme ukikatika uendelee.

Kwenye makala huwezi kuona vidole, hivyo mwanzo unabeba mzigo mkubwa zaidi. Futa "elimu ni ufunguo wa maisha" na ndugu zake wote. Anza na chombo, kilo na swali, ndani ya maneno 80. Jibu lisifichwe hadi mwisho. Msomaji akihisi anazungushwa anaondoka. Litoe kwenye aya ya tatu au ya nne: karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni, nayo imetoka kwenye kabonidayoksaidi ya hewani. Hapo hapo fungua swali la pili: kama ni hewa, kwa nini mkulima anaweka mbolea? Aya ziwe za sentensi 3 hadi 5, kwa sababu wengi watasoma kwenye simu. Isome kwa sauti. Pumzi ikikukatikia, kata sentensi. Kisha mpe mtu asiyesoma biolojia. Usimuulize kama ni nzuri, atakwambia nzuri. Mwambie akusimulie alichoelewa, na atakapokwama ndipo pa kuandika upya.

Nitumie aya mbili za mwanzo kabla hujaendelea na zilizobaki.

Mama yako