Baiskeli ya mtumba ukiwa mgeni mjini: unachonunua ni fremu na magurudumu

Mkuu, umesema umehamia mji usioufahamu, kazini ni kilomita saba kutoka unapolala, pesa ya baiskeli mpya huna na fundi humjui hata mmoja. Unauliza ununue mtumba wa namna gani, na matengenezo yapi ujifunze kwanza. Mimi nilipita hapo hapo na nilianza kwa kupigwa, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Baiskeli yangu ya kwanza baada ya kuhama niliinunua jioni, giza linaingia. Ilikuwa imepakwa rangi ya bluu inayong'aa, cheni inameremeta mafuta, kengele mpya. Nikazunguka nayo mara moja, nikalipa. Kesho yake juani nikaona chini ya shingo, pale bomba la chini linapoungana na bomba la usukani, rangi imekunjamana kama ngozi ya kiwiko. Nikakwangua kwa ukucha, ikabanduka. Chini yake kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, nao ulizunguka karibu nusu ya bomba. Baiskeli ile iliwahi kugonga kitu kwa mbele, fremu ikajikunja, mtu akafunika kidonda kwa rangi. Muuzaji simu yake haikupatikana tena. Nilichoambulia ni magurudumu.

Tangu siku hiyo, nikienda kuangalia baiskeli, naangalia fremu na magurudumu. Kiti, pedali, breki, cheni na tairi vinabadilishwa kimoja kimoja kadiri pesa inavyopatikana. Fremu yenye ufa haina dawa ya kuaminika, na rimu, yaani lile duara la gurudumu linalobeba tairi, ikibonyea hutaweza kuirudisha ukiwa na spana mbili chumbani. Usiikimbie baiskeli kwa sababu ya uzee. Umbo hili la fremu tunalolijua, la mabomba yaliyoungana kama pembetatu mbili, lilikuwa limeshatulia kabla ya mwaka 1900, na fremu ya chuma iliyotunzwa inaweza kukuzidi umri ikaendelea kukubeba. Kutu ya juu juu si kitu. Ogopa kutu iliyovimba kwenye maungio, na ogopa rangi mpya kwenye baiskeli ya zamani kuliko unavyoogopa rangi iliyochubuka.

Nenda mchana. Pitisha kidole chini ya mabomba, hasa karibu na shingo. Kisha kaa ubavuni uitazame foku ya mbele, ule uma unaoshika gurudumu la mbele: inatakiwa ishuke ikifuata mwelekeo wa shingo, na kwenye baiskeli nyingi ipinde kidogo kwenda mbele. Ukiona imerudi nyuma kuelekea fremu, hiyo iligonga. Simama nyuma yake uone kama magurudumu yote mawili yako kwenye mstari mmoja. Halafu inyanyue, zungusha gurudumu, na jicho lako liwe kwenye nafasi kati ya rimu na mpira wa breki. Rimu ikicheza kushoto na kulia milimita moja au mbili, fundi ataimaliza kwa kukaza na kulegeza spoki. Ikiruka juu na chini, ilipigwa na shimo, na hapo shusha bei kwa thamani ya rimu nzima au ondoka. Gusa spoki moja baada ya nyingine kwa kidole kama unapiga zeze. Za upande mmoja wa gurudumu zitoe sauti zinazokaribiana. Inayotoa sauti ya kufa imelegea au inakaribia kukatika.

Kaza breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia "kluk" mkononi, beringi za shingo zimelegea au zimekwisha. Shika kranki, yaani ule mkono unaobeba pedali, uitikise kwenda ubavuni na siyo kuizungusha. Ikicheza, gololi za katikati zinahitaji kazi. Haya yote yanarekebishika, ila kila moja liingie kwenye mazungumzo ya bei.

Kuna kipimo kimoja ambacho wengi hawakifanyi, nami nakusihi ukifanye: kabla ya kulipa, mwambie muuzaji alegeze bolti ya kiti, mkishushe na kukipandisha mbele ya macho yako. Nguzo ya kiti ikikaa miaka bila kuguswa inashikana na fremu, hasa ikiwa moja ni ya alumini na nyingine ya chuma. Nimewahi kuiona iliyogoma kwa mafuta, kwa maji ya moto na kwa nyundo, hadi ikakatwa. Baiskeli ambayo kiti chake hakipandi si yako kama urefu wako hauendani na wa aliyeiacha. Kipimo cha kuanzia ni hiki: kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Ukija kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo. Kwa kilomita saba kwenda na saba kurudi, kiti kifupi kitakuumiza magoti ndani ya wiki moja. Ila usikipandishe kupita alama iliyochorwa kwenye nguzo.

Igeuze pia usome namba ya fremu, mara nyingi iko chini pale kranki zinapopita. Ikiwa imesagwa kwa tupa, acha hata kama ni ya bei ya bure. Ikiwepo, ipige picha, na muuzaji aandike kwa mkono kwamba amekuuzia baiskeli yenye namba hiyo. Ukiwa mgeni huna mtu wa kusema "huyu namjua", na karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Cheni inadanganya sana kwa sababu mafuta yanaipendezesha. Ipime kwa rula ya inchi. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, kwa hiyo nafasi 24 ni inchi 12 kamili. Weka sifuri katikati ya pini moja, uangalie pini ya 24 kutoka hapo. Ikiwa sawasawa kwenye 12 au imepita kidogo sana, cheni ni nzima. Ikipita kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, kama milimita moja na nusu, badilisha cheni peke yake. Ikifika sehemu moja ya 8, karibu milimita tatu, imeshakula meno ya friwili, yaani gia ya gurudumu la nyuma, na cheni mpya ukiifunga hapo itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipata kwenye baiskeli ya pili. Nilifunga cheni mpya kwa furaha, na kwenye mlima wa kwanza ikaruka, goti likagonga usukani. Ikabidi ninunue na friwili.

Sasa tairi. Nilikwenda dukani nikasema "inchi 26", nikapewa inchi 26, nikarudi nyumbani nikahangaika nusu siku halikai. Fahamu kwamba maneno "inchi 26" yanabeba saizi zaidi ya moja. Lile lililoandikwa 26 x 2.0 linakaa kwenye rimu ya milimita 559, na lile la 26 x 1 3/8 linakaa kwenye rimu ya milimita 590. Tofauti ni milimita 31, haziingiliani hata kwa kulazimisha. Inchi 28 nazo ni hivyo hivyo: kuna 622, ambayo pia huitwa 700C, na kuna 635 ya zile baiskeli ndefu za zamani, 28 x 1 1/2. Dawa yake ni kutafuta ubavuni mwa tairi la zamani namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 37-622. Ya kwanza ni unene, ya pili ndiyo kipimo cha rimu. Hiyo ya pili lazima ilingane kabisa. Unene unaweza kuubadilisha kidogo, mradi tairi lisiguse fremu wala breki.

Umeuliza ujifunze nini kwanza. Breki, kisha pancha, kisha pedali. Gia ziache kwa fundi mwanzoni. Ukipata baiskeli isiyo na gia kabisa na njia yako ni tambarare, umepunguza matatizo nusu.

Breki za mtumba mimi nabadilisha waya na mipira yake siku ile ile, bila mjadala. Waya ulioota kutu ndani ya ganda lake unakaza vizuri ukiwa umesimama, na unakatika siku unayouhitaji. Mipira iguse rimu tu: ikigusa tairi italichana, ikishuka chini ya rimu itaingia kwenye spoki. Na mafuta ya cheni yasiifikie rimu hata tone.

Pancha wengi tunajua kuziba, tatizo ni kuziba na kuiacha sababu ndani. Wiki yangu ya tatu nilipata pancha mbili kwa siku mbili, gurudumu lile lile. Mara ya pili nikatulia. Nilikuwa nimelifunga tairi maandishi yake yakiwa sambamba na valvu, kwa hiyo nilipoingiza tyubu kwenye beseni na viputo vikatoka upana wa kiganja kulia kwa valvu, nilijua pa kutafuta kwenye tairi. Kwa macho sikuona kitu. Nikapitisha kitambaa ndani taratibu, nyuzi zake zikanasa. Kilikuwa kipande cha waya chembamba kuliko sindano, cha aina inayomwagika barabarani tairi za malori zinapopasuka. Nje hakikuonekana kabisa. Nilikitoa kwa kikata kucha. Tangu hapo maandishi ya tairi nayapanga na valvu kila mara, na kitambaa kinapita kabla tyubu haijarudi.

Kwenye kuziba kwenyewe, piga msasa hadi mng'ao wa mpira uishe, paka solusheni tabaka jembamba, eneo lake lipite ukubwa wa kiraka, kisha subiri. Watu hawasubiri. Acha dakika tano hivi mpaka ising'ae tena, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Ukikuta matundu mawili yaliyo sambamba, hukuchomwa na kitu: upepo ulikuwa mdogo na rimu ikaibana tyubu ulipopita kwenye shimo. Tundu likiwa upande wa ndani unaotazama rimu, kagua ncha za spoki na ule utepe unaozifunika.

Pedali ya kushoto nyuzi zake ziko kinyume na bolti za kawaida. Aliyekuwa na baiskeli yangu ya pili hakulijua hilo, aliilazimisha, na kranki ya alumini ikasagika ndani. Mimi nikaigundua pedali ilipobaki chini ya kiatu changu katikati ya barabara. Ili usichanganye, weka spana kwenye pedali ikiwa imeelekea juu: ukiivuta kwenda nyuma ya baiskeli unafungua, ukiisukuma kwenda mbele unakaza, pande zote mbili. Anza kwa vidole, paka grisi, na spana iingie mwisho. Nyingi zinatumia namba 15.

Vifaa vya kuanzia havizidi mfuko mmoja: spana ya 15, spana za namba ndogo kulingana na nati za magurudumu na breki zako, bisibisi, vijiti vya plastiki vya kung'olea tairi, pampu inayoingia kwenye valvu yako, viraka, grisi na mafuta. Bisibisi isitumike kung'oa tairi, inatoboa tyubu. Wiki ya kwanza pitia nati zote kila jioni.

Na fundi utamhitaji tu, kwa rimu na kwa gololi. Usimpelekee kazi kubwa kwanza. Mpe gurudumu moja alinyooshe, uombe kukaa umtazame. Anayekaza spoki kwa robo mzunguko, akizungusha na kutazama kila mara, huyo mrudie. Anayeanza na nyundo, msalimie uende zako.

Ukishapata unayoitaka, kabla hujalipa weka hapa picha ya chini ya shingo, namba za ubavuni mwa tairi na kipimo cha cheni, nami nitakuangalizia jioni hiyo hiyo.