Hesabu Vidole Kwanza: Kwa Wanaoanza Kuongoza Watoto wa Shule Mbugani

Wewe unayeanza kazi ya kuongoza wanafunzi hapa Nairobi, iwe ni mbugani au pale Snake Park kwenye makavazi, jua mapema kwamba watoto watakuja wakiwa wameshakariri. Muulize mtoto wa Gredi ya Nne kutoka Kayole makundi ya wanyama wenye uti wa mgongo, atayamwaga kwa pumzi moja: samaki, amfibia, reptilia, ndege, mamalia. Muulize mamalia ni nani, atakwambia ni mnyama anayezaa. Hapo ndipo kazi yako inapoanzia, maana jibu hilo halifiki mbali.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kinyonga mwenye pembe tatu. Huyu ni mkaazi wa Nairobi kama mimi na wewe. Hukaa kwenye nyua na miti ya Karen na Lang'ata, na watu wengi hupita karibu naye bila kumwona. Dume ana pembe moja puani na mbili mbele ya macho. Wanasayansi walimwandika rasmi mwaka 1896, wakampa jina la Frederick Jackson, yule aliyekuja kuwa gavana wa wakoloni. Mwili wake wote una magamba, hana unywele hata mmoja, na hajui kunyonyesha. Ni reptilia kuanzia pua hadi ncha ya mkia. Ila jike wake hatagi mayai: hubeba mimba kwa miezi kadhaa, halafu huzaa watoto hai, wengi kwa mpigo mmoja. Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya baridi. Huku juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, yai lililofukiwa udongoni lingechelewa kukua, lakini mama akiota jua huwapa joto watoto walio tumboni. Kifutu naye huzaa. Na kule Australia wapo mamalia wanaotaga mayai. Kwa hiyo, kuzaa si kipimo. Kipimo ni nywele na maziwa.

Ukishawaonyesha hivyo, watoto huanza kukutega, na hapo ndipo siku huwa tamu. Kakakuona je, mbona ana magamba? Ana magamba kweli, lakini tumbo lake lina nywele na mtoto wake hunyonya. Fuko uchi wa maeneo kame ya nchi yetu je? Karibu mwili mzima uko wazi, ila ukimtazama kwa makini utaona nywele chache ndefu zimetawanyika. Popo anaruka lakini hana nyoya. Mbuni haruki ila amejaa manyoya, na kati ya wanyama wote walio hai leo, manyoya ya aina hiyo ni ya ndege peke yao. Waambie waangalie mnyama ameumbwaje, siyo anaishi wapi wala anafanya nini. Hata wakubwa walihangaika na hili: Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka msingi wa upangaji tunaoutumia, aliacha nyangumi kwenye samaki katika matoleo ya mwanzo ya kitabu chake, akamhamishia kwa mamalia katika toleo la mwaka 1758.

Sasa tuje kwenye vidole, maana somo hili mbuga ya Nairobi inalifundisha vizuri kuliko ubao wowote.

Waulize watoto ndugu wa karibu wa kifaru ni nani. Basi zima litapiga kelele: kiboko! Wote wanono, wote wana ngozi nene, wote wa kijivu. Waache wapige kelele. Mkifika Hippo Pool, ambako wanaruhusiwa kushuka na kutembea wakiwa na askari wa mbuga, tafuteni alama za miguu kwenye tope la ukingo. Wayo wa kiboko una vidole vinne. Wa kifaru una vitatu. Wa twiga, nyati na swala una viwili, zile kwato zilizopasuka katikati. Punda milia ana kimoja tu. Watoto wa siku hizi wanajua shufwa na witiri kutoka darasa la hesabu, kwa hiyo waachie wenyewe wagawe. Wakimaliza, kifaru atajikuta na punda milia upande wa witiri, na kiboko atakuwa na twiga na ngiri upande wa shufwa. Nyuso zao wakati huo ni mshahara tosha.

Mwalimu wao akitaka zaidi, mwongeze kwamba idadi yenyewe ni dalili tu. Msingi ni mahali uzito wa mwili unapopita. Kwa kifaru na punda uzito hupita katikati ya kidole cha kati. Kwa jamii ya kiboko na swala hupita baina ya vidole viwili. Na kama muda upo, waambie kwamba ndugu wa karibu zaidi wa kiboko walio hai ni nyangumi. Vipimo vya vinasaba ndivyo vilivyotangulia kuelekeza huko, halafu mwaka 2001 yakachapishwa maelezo ya visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, kutoka Pakistan vya nyangumi wa kale waliokuwa na miguu, na mfupa wa kifundo chao una umbo lile lile linalopatikana kwa wanyama wa shufwa. Darasa la nne hawahitaji jina la mfupa huo. Wewe lijue: astragalus.

Rangi usiitegemee kabisa. Kifaru mweusi na kifaru mweupe wote ni wa kijivu, na hapa kwetu wote huonekana rangi ya tope walilogaagaa asubuhi. Tazama mdomo: mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, wa kuchuma matawi, mweupe ana mdomo mpana ulionyooka, wa kukata nyasi. Pembe nazo ziseme haraka upite: ya swala ina mfupa ndani, ya kifaru haina, ni keratini tupu kama kucha zetu.

Kwa nyoka, punguza mbwembwe. Kuna waongozaji wanaowaambia watoto kwamba kichwa cha pembetatu ndicho cha sumu na kichwa chembamba hakina neno. Hilo silipendi hata kidogo, kwa sababu koboko ana kichwa chembamba na swila hali kadhalika, na mtoto atakwenda nyumbani na kanuni hiyo. Kuwapanga wanyama ni jambo moja, kujua yupi wa kushikwa ni jambo jingine, na mtoto aambiwe nyoka hashikwi, basi. Ukitaka kumtofautisha nyoka na mjusi asiye na miguu, nyoka hana kope wala tundu la sikio. Halafu wapeleke kwa chatu, na kama amejilaza vizuri waonyeshe vijikucha viwili karibu na mwisho wa tumbo. Hayo ni mabaki ya miguu ya nyuma.

Msimu wa mvua ukifika, utaulizwa pia juu ya nzi wa Nairobi, kwa kuwa lazima kutakuwa na mtoto mwenye kidonda shingoni. Ni mfano mzuri ukimpata ndani ya chupa: mwili mwembamba usiofika sentimita moja na nusu, kichwa cheusi, kifua cha rangi ya machungwa, kijibamba cha buluu kilichong'aa mgongoni, tumbo la machungwa tena na ncha nyeusi. Hesabu miguu: sita, kwa hiyo ni mdudu, si jamii ya buibui mwenye minane. Kile kijibamba ni mbawa za mbele zilizokauka na kuwa ngumu, na chini yake kuna mbawa nyingine mbili zimekunjwa. Nzi wa kweli ana jozi moja tu. Huyu ni mbawakawa. Haumi wala hachomi. Sumu imo mwilini mwake na humwagika akipondwa. Wafundishe kumpuliza au kumwondoa kwa karatasi, na akishapondwa, waoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mara moja, wasifikiche macho.

Mwisho wa ziara, wakati wa chakula, tumbili watakuja. Na hapo, bila kukosa, mtoto mmoja atauliza: na sisi tuko kundi gani? Baadhi ya walimu wataanza kukutazama kwa jicho kali. Usianze mhadhara. Mwambie mtoto atazame mkono wake na wa tumbili: kucha bapa badala ya makucha, kidole gumba kinachoshika, macho mawili yanayotazama mbele. Nywele tunazo, maziwa tulinyonya. Mengine yatasemwa darasani na nyumbani. Kisha waambie wafunge mikoba, kwa sababu mkono ule ule unajua kufungua zipu.