Kabla hujamwita meya mwizi, tafuta sahihi yake

Juzi usiku kijana mmoja alinitumia picha ya vocha ya malipo, ile hati ya kuruhusu pesa za umma zilipwe. Chini yake ameandika: "Kaka, huyu tumemshika. Niiweke saa hii ama kesho asubuhi watu wakiwa macho?" Sitamtaja, wala mkubwa anayetaka kumwanika, wala mji wao. Nilimwambia asubiri, kisha nikakosa usingizi mimi. Mwaka 2011 nilikuwa kama yeye, na sikuwa na mtu wa kuniambia nisubiri.

Najua wengi mnaosoma hapa mnataka kuandika siasa za mji wenu. Mnataka siku moja mpite steji makanga wanong'onezane, "Ndiye huyo." Basi nisikilizeni.

Wakati huo tulikuwa bado na meya. Niliishi mji mmoja huku magharibi mwa Kenya kabla sijahamia Kisumu. Mabaraza ya miji yalikuwa yakipata pesa za LATF, mfuko wa serikali kuu kwa mabaraza, ule mgao wa asilimia 5 ya kodi ya mapato uliowekwa na sheria ya 1998. Wananchi tuliitwa kwenye ukumbi tuseme tunataka nini, tukasema taa mbili za mulika mwizi, zile za nguzo ndefu, moja steji na moja sokoni. Ya steji iliwaka. Ya sokoni ilibaki msingi wa zege na vyuma vinne vimechomoza, na mama mmoja wa omena akawa anafungia hapo kamba ya mwavuli wake.

Siku moja karani fulani akaniita kwenye kibanda cha chai, akanisukumia bahasha ya kaki chini ya meza. Ndani mlikuwa na kopi ya vocha: taa 2, kazi imekamilika, mwanakandarasi alipwe. Chai yangu niliiacha pale pale. Saa tisa nilikuwa saiba, duka la intaneti, nalipia shilingi moja kwa dakika, na kichwa kilikuwa "Meya ala taa ya soko". Niliandika kwamba amejilipa mwenyewe kwa mgongo wa mwanakandarasi. Nikachomeka na habari ya nyumba anayojenga, habari niliyoisikia ndani ya matatu kutoka kwa mtu nisiyemjua hata jina.

Kwa siku tatu nilikuwa mfalme. Kinyozi alininyoa bure (hilo bado ninalionea fahari, nisamehewe). Siku ya nne ikaja barua ya wakili, ikaletwa dukani kwa mjomba nilikokuwa nauza madaftari. Ilisema mteja wao hana mamlaka ya kuidhinisha malipo yoyote ya baraza.

Na ilikuwa kweli! Meya alichaguliwa na madiwani, akaongoza vikao, akavaa mkufu. Pesa zilitoka kwa sahihi ya karani wa mji, yaani mtendaji mkuu wa baraza, na mweka hazina. Sahihi hizo mbili nilikuwa nazo, chini ya ukurasa wa pili, zimefifia kwa kopi lakini zinasomeka. Sikuwa nimefungua ukurasa wa pili. Mwizi wangu nilikuwa nimeshampata, wa pili wa nini?

Mjomba alinisomea mara moja tu: "Duka hili ndilo linalovisha na kulisha watoto wangu. Wewe na meya wako mtalizana wapi?" Jioni hiyo nikaomba radhi. Niliomba radhi kwa yote, ya nyumba, ya kujilipa, na ya taa. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo, maana la taa lilikuwa swali halali: zimelipiwa mbili, imesimama moja. Kila aliyeuliza baada ya hapo alijibiwa, "Hayo yule kijana alishakiri ni uongo." Yule karani wa bahasha tukikutana huvuka barabara.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huo: nani alitia sahihi? Meya na madiwani waliondoka Machi 2013 serikali za kaunti zilipoingia, na sasa miji mikubwa ina bodi na mameneja. Majina yamebadilika, vocha bado husainiwa na mtu. Mtafute.

Tena siku hizi njia ni wazi kuliko wakati wetu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Ikinyamaza, nenda kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya serikali. Mwezi uliopita nilijibiwa barua yangu kuhusu choo cha umma, kurasa kumi na nne, na sikumtukana mtu. Someni pia ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Zinachosha, zisome tu. Akisema hakuonyeshwa stakabadhi za malipo fulani, andika kwamba hakuonyeshwa stakabadhi. Usiandike "ameiba". Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kuharibia mtu jina mwaka 2017, lakini kesi ya madai ingali ipo, na wakili wa uliyemwandika hatakuja kukunywesha chai.

Naona vijana mnavyokimbilia kuitwa jasiri. Mnapenda jina kubwa kwenye kichwa cha habari kuliko nguzo iliyokosekana sokoni. Mkiumbuliwa mnasema mmenyamazishwa. Wengine hamjanyamazishwa na mtu, hamkusoma.

Na wewe wa juzi usiku, picha uliyonitumia ni ya ukurasa wa kwanza. Nitumie wa pili.