Ruzuku ya Idara Mbili: Mvua, Mapipa na Homa ya Dengi

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha afya ya jamii. Chuo chetu hutoa ruzuku ndogo ya mwaka mmoja kwa utafiti wa tabianchi na afya unaoshirikisha idara mbili. Tuliomba pamoja na mhandisi wa maji tuchunguze mvua na dengi Mombasa, tukanyimwa. Watathmini wanasema idara ya pili imebandikwa tu. Duru ijayo tufanyeje?
Mhadhiri, Kisauni

JIBU: Mwalimu, kasoro iko kwenye swali lenyewe. Uhusiano wa mvua na dengi mtakwimu anaweza kuutafuta peke yake. Mhandisi wenu hana kazi hapo. Lakini mbu aina ya Aedes aegypti huzaliana ndani ya mapipa na matangi ya nyumbani, na bomba likikauka ndipo watu huweka akiba zaidi. Basi ulizeni: kati ya mvua na mgao wa maji, ni kipi kinachozidisha viluwiluwi, na katika mitaa gani? Swali hilo halijibiki bila ratiba ya mgao, na anayeweza kuisoma ni mhandisi. Mpeni pia fungu lake la bajeti, alisimamie mwenyewe. Watathmini hulitazama sana.

Panapoharibika zaidi ni kwenye takwimu. Mvua hupimwa kila siku, ilhali ripoti za zahanati na hospitali katika KHIS, mfumo wa taarifa za afya wa Kenya, hujumlishwa kwa mwezi. Msilinganishe mvua ya Mei na wagonjwa wa Mei. Kwa joto la Pwani, yai huchukua siku 7 hadi 10 hivi kuwa mbu. Virusi hukomaa ndani ya mbu kwa siku 8 hadi 12. Na aliyeumwa na mbu huyo hupata homa baada ya siku 4 hadi 10. Mizunguko kadhaa hupita kabla wagonjwa hawajawa wengi. Jaribuni pengo la mwezi 1, 2 na 3 kati ya mvua na wagonjwa.

Tengeni pesa za vipimo: NS1 (protini ya virusi vyenyewe) kwa homa isiyozidi siku 5, IgM (kingamwili za mgonjwa) kwa wanaochelewa kufika. Mkitegemea rejista peke yake mtakuwa mnapima zahanati ipi ina vipimo, si mtaa upi una dengi.

Viluwiluwi vitafuteni katika nyumba zisizopungua 100 kila mtaa, kwa tochi, pipeti na trei nyeupe. Andikeni aina ya kila chombo (pipa, jerikeni, tairi), kisha hesabuni vyenye viluwiluwi kwa kila nyumba 100. Hicho ndicho kipimo cha Breteau.

Kalenda nayo huangusha wengi. Mwaka wa fedha huanza Julai; pesa zikichelewa hadi Septemba na kamati ya maadili ikachukua miezi miwili, vuli imewapita. Anzeni na rekodi za miaka ya nyuma, nyumba mzikague Februari kukiwa kukavu na tena Mei, mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa.

SWALI: Tukitumia rekodi za wagonjwa pekee, bado twahitaji vibali?

JIBU: Ndiyo. Kwanza kamati ya maadili inayotambuliwa na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), kisha leseni ya NACOSTI yenyewe, halafu ruhusa ya idara ya afya ya kaunti, mwisho msimamizi wa kituo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu habari za afya kuwa nyeti, kwa hiyo majina, nambari za simu na za vitambulisho ziondolewe kabla faili haijatoka kituoni. Jina la mtaa libaki. Bila hilo mhandisi hana cha kulinganisha na mgao.